Nusu Alama Ina Bei Gani? Hesabu za Mtihani wa Kiingereza kwa Wanaotafuta LLM (Shahada ya Umahiri ya Sheria) Nje

Mhitimu wa sheria wa Tanzania anayefikisha maombi yake Oxford ana walau miaka 10 ya kusoma kwa Kiingereza: minne ya sekondari ya kawaida, miwili ya kidato cha tano na sita, na minne ya shahada ya kwanza ya sheria. Akipitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ndipo apate uwakili, ongeza na huo muda. Mitihani yake yote ya kikatiba, jinai na mikataba aliijibu kwa Kiingereza. Kwa shahada ya umahiri ya sheria, Oxford inataka kitu kimoja zaidi: alama 7.5 kati ya 9 katika mtihani wa IELTS, na isipungue 7.0 katika sehemu yoyote kati ya nne. Mtihani wenyewe unamalizika kwa chini ya saa tatu.

Wengi hulipokea sharti hili kama ada nyingine ya kulipa, sawa na ada ya pasipoti. Wanatafuta kituo, wanalipa, wanakwenda. Uchambuzi huu unaangalia hesabu kwa upande mwingine. Ada ni sehemu ndogo ya gharama. Kinachowaumiza waombaji ni kulipa kabla ya kujua wanadaiwa nini, na kutojua ile nusu alama inayokosekana inatoka wapi.

Vyuo vinataka nini

IELTS hupima kuanzia 0 hadi 9, kwa hatua za nusu nusu, katika kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kwa shahada za umahiri, vyuo vingi vya Uingereza hucheza kati ya 6.5 na 7.5, na vitivo vya sheria kwa kawaida hukaa upande wa juu wa ngazi hiyo kwa sababu kazi yote ya sheria ni maneno. TOEFL, mtihani wa Wamarekani ulioanza mwaka 1964, kwa miaka mingi umepimwa kwa jumla ya 120, yaani 30 kwa kila sehemu. Harvard imejulikana kwa kutaka 100 kwa jumla na 25 katika kila sehemu. Oxford, kwa mtihani huohuo, imekuwa ikitaka 110.

Hapo kuna jambo la kuangalia. Tangu Januari 2026 TOEFL imehamia kipimo kipya cha 1 hadi 6, na katika kipindi cha mpito cheti huonyesha pia jumla inayolingana na ile ya 120. Aliyepewa ushauri na kaka au dada aliyesoma nje miaka mitatu iliyopita asiuchukue kama ulivyo. Asome ukurasa wa chuo upya, hasa kama chuo hicho kina kiwango cha chini kwa kila sehemu.

Duolingo, mtihani mwingine wa Kiingereza, ni ya bei nafuu kuliko hiyo miwili. Ada yake imekuwa chini ya dola 100, mtu hufanya akiwa nyumbani kwa muda wa saa moja hivi, na matokeo hutoka ndani ya siku mbili. Ila si kila kitivo cha sheria kinachoikubali, na anayelipa kabla ya kuuliza anaweza kujikuta na cheti kisichofungua mlango wowote kati ya ile aliyoibisha.

Kwa nini miaka 10 haihesabiwi

Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawaulizwi Kiingereza wanapoomba viza. Humo zimo Jamaika, Malta, Guyana, Trinidad na Tobago, Marekani na Australia. Tanzania haimo. Kenya, Uganda na Nigeria nazo hazimo. Wanaharakati wa Nigeria walipoanzisha kampeni dhidi ya IELTS mwaka 2021 na 2022, ilibainika kwamba kigezo cha kuingia kwenye orodha ni zaidi ya asilimia 51 ya wananchi kuwa na Kiingereza kama lugha yao ya kwanza.

Kwa kigezo hicho, lugha ya chuo chako haina uzito. Nchi inaweza kuendesha vyuo vyake vyote kwa Kiingereza na bado isikaribie asilimia hiyo. Kenya inatoa mfano mzuri. Sheria ya mwaka 2012 ya chuo chake cha mafunzo ya uanasheria inataja, miongoni mwa masharti ya kujiunga, alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili kwenye mtihani wa kidato cha nne. Maana yake, wakili wa Nairobi huenda alishapimwa lugha kabla hata ya kuvaa joho, lakini orodha ya viza haina pa kuandika hilo.

Orodha ya viza, hata hivyo, si neno la mwisho, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Chuo kikuu cha Uingereza chenye rekodi nzuri ya kudhamini wanafunzi wa kigeni kinaruhusiwa kupima chenyewe Kiingereza cha mwombaji wa ngazi ya shahada. Kinaweza kukubali IELTS ya kawaida, TOEFL, matokeo ya Kiingereza ya kidato cha nne, au barua ya chuo ulichosoma. Vyuo kadhaa, Oxford kikiwamo, vina utaratibu wa kuomba msamaha kwa aliyesoma shahada nzima kwa Kiingereza. Vitivo vingi vya sheria vya Marekani navyo vinao.

Barua inayotakiwa ni fupi. Inatoka kwa Msajili, kwenye karatasi rasmi ya chuo, ikiwa na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la shahada, tarehe ya kuanza na kumaliza, muhuri, saini na anwani ya barua pepe ya ofisi. Sentensi inayobeba uzito ni ile inayosema kuwa Kiingereza kilikuwa lugha ya kufundishia na ya kutahini kwa kipindi chote. Barua inayosema tu kwamba mhitimu anamudu Kiingereza vizuri inakuwa barua ya sifa, na maofisa wa udahili huiweka kando.

Njia hii haiko wazi kwa kila msomaji wa Kiswahili. Aliyesomea sheria Bujumbura au Lubumbashi alifundishwa kwa Kifaransa, kwa hiyo barua haitamsaidia. Aanze kujiandaa kwa mtihani mapema. Mnyarwanda aliyesoma baada ya nchi yake kuhamia Kiingereza mashuleni mwaka 2008 ana nafasi nzuri zaidi kuliko kaka yake aliyesoma kabla ya hapo.

Wastani unavyopotosha

Tuseme barua imekataliwa. Sasa ni mtihani. Jumla ya IELTS hupatikana kwa kujumlisha alama za sehemu nne, kugawa kwa nne, kisha kusogeza kwenye nusu iliyo karibu. Wastani ukiishia na .25 hupandishwa hadi .5, na ukiishia na .75 hupandishwa hadi namba kamili inayofuata. Kanuni hii ya kusogeza ndiyo inayoamua hatima ya wengi.

Tuwachukue watahiniwa wawili wa kubuni, wote wanaiwania Oxford. Neema amepata 8.0 kusikiliza, 7.5 kusoma, 7.5 kuzungumza na 6.0 kuandika. Jumla ni 29, wastani 7.25, na cheti chake kinasomeka 7.5. Nyumbani wanashangilia. Baraka amepata 7.0 katika kila sehemu. Jumla ni 28, na cheti kinasomeka 7.0. Nyumbani wanamwambia ajitahidi.

Wote wawili hawajafikia sharti, na aliye karibu zaidi ni Baraka. Anahitaji pointi moja tu ya jumla, kutoka 28 hadi 29, na anaweza kuitoa popote. Kwa jedwali la makadirio lililochapishwa na waandaaji wa IELTS, majibu 30 sahihi kati ya 40 katika kusikiliza ni kama alama 7, na majibu 35 ni kama alama 8. Majibu matano zaidi katika sehemu moja, bila kugusa nyingine tatu, yanampa Baraka 29 na cheti cha 7.5. Neema naye lazima apande alama nzima katika kuandika, mahali ambapo hakuna majibu ya kuhesabu.

Kwa hiyo kabla ya kulipia mara ya pili, mtu aangalie cheti sehemu kwa sehemu. Kuna vituo vinavyotoa nafasi ya kurudia sehemu moja tu, kwa waliofanya mtihani kwenye kompyuta na ndani ya siku 60. Kwa mtu kama Neema, huduma hiyo inamwepusha kuziweka rehani zile 8.0 na 7.5 alizokwisha kupata. Sharti aulize kwanza kituo kama huduma ipo, na chuo kama kinaipokea.

Kalamu ya wakili

Katika takwimu za dunia ambazo IELTS huzichapisha, kuandika ndiko kwenye wastani wa chini kuliko sehemu nyingine tatu. Wanasheria huamini hilo haliwahusu, kwa kuwa wao huandika kila siku. Lakini kuandika kwao kila siku ndiko kunakowaponza.

Sehemu hiyo ni ya dakika 60 na kazi mbili. Ya kwanza ni kueleza grafu, jedwali au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150, na dakika 20 zinapendekezwa. Ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, dakika 40, na uzito wake ni mara mbili ya kazi ya kwanza. Kila kazi hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kujibu swali, mtiririko, msamiati na sarufi.

Sasa mtazame wakili aliyezoea kuandaa hati za madai. Swali linauliza kama serikali igharamie vyuo vikuu au la. Aya yake ya kwanza ina sentensi moja ya maneno 70, yenye Kilatini mara mbili na ile lugha ya “aliyetajwa hapo juu”. Aya ya pili inataja pande zote mbili kwa haki kama jaji. Aya ya tatu inaomba nafuu. Msimamo wake mwenyewe hauonekani popote hadi mstari wa mwisho, na muda umekwisha. Sarufi yake ni safi, lakini amejiangusha kwenye kujibu swali na kwenye mtiririko, ambavyo kwa pamoja ni nusu ya alama za insha. Mtahini hakuhitaji hukumu. Alihitaji msimamo uliowekwa mwanzoni, sababu mbili zilizofafanuliwa, na sentensi ambazo mtu anaweza kuzisoma kwa pumzi moja.

Kazi ya kwanza nayo ina mtego. Wengi waliosoma mchepuo wa sanaa hawajawahi kueleza grafu kwa sentensi tangu jiografia ya sekondari. Wanaorodhesha kila namba waliyoiona badala ya kusema kipi kilipanda, kipi kilishuka na kwa kiasi gani. Na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania, wakili kijana anaweza kumaliza wiki nzima bila kuandika aya moja ya Kiingereza. Mkono uliopoa hauamshwi kwa kusoma vitabu vya sarufi. Unaamshwa kwa insha zilizoandikwa kwa saa, zikasahihishwa na mtu mwingine.

Bili yenyewe

Ada ya mtihani hubadilika kwa nchi, kwa aina na kwa mwaka. Kwa hesabu hizi tuchukue dola 250 kama kadirio la IELTS ya kawaida, dola moja kwa shilingi 2,500 za Tanzania, na pauni moja kwa shilingi 3,300. Viwango hivi ni vya mviringo. Weka vya siku yako ukikokotoa. Mtihani mmoja ni shilingi 625,000, au takriban shilingi 32,000 za Kenya. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni shilingi 500,000. Kukaa mara moja kwenye mtihani ni mwezi mmoja na robo wa mshahara huo.

Hali nne zinaonyesha pengo lilivyo:

- Mwenye barua iliyokubaliwa: gharama ya chuo na kutuma nyaraka, tuseme shilingi 50,000.
- Mkazi wa Dar es Salaam anayefaulu mara moja: ada 625,000 na mazoezi 75,000, jumla 700,000.
- Mkazi wa Songea anayesafiri hadi Dar es Salaam na kurudia mara moja: ada mbili 1,250,000, nauli na malazi ya safari mbili 500,000, mazoezi 75,000, jumla 1,825,000. Ni zaidi ya miezi mitatu na nusu ya kima cha chini.
- Aliyekosa nusu alama akaelekezwa na chuo kwenye kozi ya maandalizi ya lugha ya wiki sita Uingereza: tukikadiria karo ya pauni 2,500 na kuishi nje ya London kwa mwezi mmoja na nusu kwa kiwango cha viza cha pauni 1,171 kwa mwezi, inafika pauni 4,256, yaani shilingi milioni 14.

Linganisha hali ya mwisho na ada ya mtihani mmoja: ni zaidi ya mara 22. Kama ni kutafuta pa kuwekeza, miezi miwili ya mazoezi yaliyosahihishwa vizuri ni rahisi kuliko kozi hiyo kwa kila namna unayoihesabu.

Gharama nyingine za safari ya Uingereza ni kubwa kuliko mtihani. Viza ya mwanafunzi ilipandishwa hadi pauni 524 Aprili 2025. Tozo ya afya ya mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, na kwa kuwa viza ya LLM ya miezi 12 huongezewa miezi ya kabla na baada ya masomo, malipo hufika mwaka mmoja na nusu, yaani pauni 1,164. Kwa viwango hivyo, hizo mbili peke yake ni pauni 1,688, shilingi milioni 5 na laki 5 na zaidi. Tofauti ni kwamba gharama hizo unazilipa ukiwa umeshapata chuo, na aliyepata ufadhili kamili analipiwa. Mtihani unaulipa mwenyewe, mara nyingi kabla hujajua kama kuna chuo wala mfadhili.

Kwa kipimo cha dunia, hii ni biashara nzito. Mwaka 2018 IELTS ilifanywa zaidi ya mara milioni 3.5. Hata tukikadiria kwa dola 200 tu kwa kila mtihani, hiyo ni dola milioni 700 kwa mwaka mmoja, na sehemu yake hutoka mifukoni mwa watu waliosoma kwa Kiingereza tangu utoto.

Nani alipwe kwanza

Mpangilio unategemea unakokwenda. Vyuo vingi vya Uingereza hutoa udahili wenye masharti: wanakukubali kwanza, kisha wanakudai uthibitisho wa lugha kabla ya masomo. Huko hakuna sababu ya kulipia mtihani Septemba kwa maombi ambayo majibu yake yatatoka Februari. Omba, subiri udahili, omba msamaha kwa barua, na ukikataliwa ndipo ulipe. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, yenyewe haidai cheti cha Kiingereza, ila inamtaka mteule awe na udahili usio na masharti kutoka kozi mojawapo kati ya tatu alizochagua, kwa tarehe ambayo kwa kawaida huangukia Julai. Kwa hiyo mteule aliyesubiri hadi Juni hana nafasi ya kurudia. Machi au Aprili panafaa zaidi.

Marekani kwa kawaida hutaka matokeo pamoja na maombi, na milango mingi hufungwa kati ya Desemba na Februari. Huko swali la msamaha liulizwe Agosti au Septemba, kwa barua pepe, na jibu litunzwe. Anayeomba vyuo vingi kupitia LSAC, chombo kinachokusanya nyaraka za waombaji wa vitivo vya sheria, anaweza kutuma TOEFL mara moja kwa namba 8395, nacho kikavisambazia vyuo vinavyopokea ripoti kwa njia hiyo, badala ya kulipia ripoti ya kila chuo.

Kuna pia IELTS ya UKVI (idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza), inayogharimu zaidi. Maswali yake na usahihishaji wake ni vilevile. Tofauti iko kwenye taratibu za ulinzi kituoni na namba ya uthibitisho kwa ajili ya viza. Kwa LLM kwenye chuo kinachoruhusiwa kupima chenyewe, ya kawaida inaweza kutosha. Ya UKVI hudaiwa zaidi kwa kozi zilizo chini ya shahada, zikiwamo kozi za maandalizi ya lugha. Barua ya udahili ndiyo itakayosema ipi, kwa hiyo isomwe kabla ya kufungua ukurasa wa malipo.

Mwisho ni uhai wa cheti: miaka miwili. Aliyefanya mtihani Juni 2025 akitegemea kuanza Septemba 2026 yuko salama. Ufadhili ukimkosa na akajaribu tena kwa Septemba 2027, cheti kitakuwa kimeisha miezi mitatu kabla, na 625,000 nyingine zinaanza upya. Aliyefanya Novemba 2025 anabeba misimu yote miwili kwa ada moja. Tofauti kati yao ni miezi mitano ya subira.